Tafakari ya Juma: Gia Kabla ya Mlima



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaotusoma kila juma, tunawasalimu kutoka hapa Nkome, kando ya Ziwa Viktoria, ambako upepo wa asubuhi unanukia dagaa walioanikwa na ambako, kwa neema ya Mungu, tunaendelea vema. Juma lijalo tutapakwa majivu na kuianza Kwaresima. Tulikusudia kuandika juu ya kufunga, kusali na kutoa sadaka, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka wakati huu. Tutafika huko. Lakini mtuwie radhi tupitie kwanza kwenye baiskeli, maana mwaka huu baiskeli ndiyo iliyotufundisha jambo ambalo miaka mingi ya kusimama mimbarini haikutufundisha.

Wengi wenu mnaifahamu baiskeli yenyewe. Mmeiona imeegemezwa kwenye mwembe mbele ya nyumba ya mapadre. Tuliachiwa mwezi Julai na padre mwenzetu aliyehamishwa, naye aliipata kwa rafiki zake alipokuwa masomoni ng'ambo. Ni baiskeli ya mbio: fremu yake nyembamba na nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, usukani wake umepinda kuelekea chini mithili ya pembe za kondoo dume, na matairi yake yalikuwa membamba hata fundi wetu wa sokoni alipoyaona aliguna, akatutafutia mengine manene kidogo yawezayo kuivumilia changarawe yetu. Haina keria wala kengele. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wameipa jina la "Panzi", na jina hilo limeishika.

Hatukuwa wageni wa baiskeli. Nani aliyekulia Usukumani asiyeijua? Baba zetu waliuza pamba wakanunua baiskeli kabla ya kununua bati la kuezekea nyumba. Ilikuwa Raleigh, au Swala, au Phoenix ya Kichina, na juu yake ilipakiwa familia nzima, gunia la mkaa, mbuzi wa mahari, hata mgonjwa aliyekuwa anapelekwa zahanati. Mjini Shinyanga baiskeli ilikuwa daladala yenyewe, abiria akiketi nyuma kwenye keria iliyowekewa mto, kabla pikipiki hazijaitwaa kazi hiyo. Hapa kwetu, mpaka leo, ndoo za dagaa na madumu ya maji vinapanda kutoka mwaloni kwa baiskeli. Lakini baiskeli zile zote zina gia moja. Mlima ukikushinda, unashuka na kusukuma. Hakuna elimu nyingine inayohitajika.

Panzi alikuja na elimu yake. Mbele, penye pedali, pana magurudumu mawili ya meno, moja la meno 52 na jingine la meno 42. Nyuma, penye ekseli, yapo sita yaliyopangwa kama ngazi, la kwanza dogo na la mwisho kubwa. Mnyororo, au cheni kama tulivyozoea kuuita, huhama kutoka moja kwenda jingine, na hivyo unapata gia kumi na mbili. Ukiuweka kwenye gurudumu kubwa la mbele na dogo kabisa la nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita nane. Hiyo ndiyo gia nzito. Ukiuweka kwenye dogo la mbele na kubwa kabisa la nyuma, mzunguko ule ule unakupeleka mita tatu tu na kitu. Hiyo ndiyo nyepesi.

Kinachouhamisha mnyororo ni vikono viwili vidogo vya chuma vilivyofungwa kwenye bomba la fremu linaloshuka kutoka usukani kuelekea pedali. Cha kushoto ni cha meno ya mbele, cha kulia ni cha meno ya nyuma. Katika baiskeli za mbio za siku hizi vikono hivyo hukaa pamoja na breki, navyo hutoa mlio kila gia inapoingia. Vyetu ni vya zamani. Havina alama wala mlio. Unauachia usukani kwa mkono mmoja, unainama, unasogeza kikono taratibu, kisha unasikiliza. Ukisikia mkwaruzo, ujue hujafika au umepitiliza. Ongeza kidogo, au rudisha kidogo. Ukimya ndio unaokuambia kwamba gia imekaa.

Sasa tuungame. Kwa muda wa miezi mitatu hatukuvigusa vikono vile. Tuliiweka Panzi kwenye gia nzito kuliko zote na kuiacha humo. Sababu ya kwanza ilikuwa woga wa kuachia usukani kwenye barabara yenye mashimo. Sababu ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi, ilikuwa majivuno. Kila tulipopita kijiweni, vijana wa bodaboda walipiga kelele, "Padre anakanyaga nzito!" nasi tulizipenda kelele zile. Kandokando ya ziwa, kwenye tambarare, tulikwenda kwa kasi kuliko tulivyostahili. Kwenye miinuko ya kuelekea Nzera tulisimama juu ya pedali na kukanyaga kwa uzito wa mwili mzima, tukifika juu hatuwezi hata kuitikia salamu. Magoti yalituuma usiku, nasi tulisema ni umri, kwa kuwa hamsini tumekwisha kuivuka.

Baadaye tuliposoma kidogo juu ya jambo hili tuligundua kwamba ugonjwa wetu si mpya. Mbio maarufu za Tour de France zilianza mwaka 1903, na mwasisi wake, Henri Desgrange, hakuzitaka kabisa gia za kubadilisha. Aliona hizo zinawafaa watu waliovuka umri wa miaka 45, na kwamba mshindi wa kweli hushinda kwa misuli. Kwa hiyo waendeshaji wa zamani walikuwa na magurudumu ya nyuma yenye meno pande zote mbili: mtu alipofika chini ya mlima ilimpasa kusimama, kushuka, kulichomoa gurudumu, kuligeuza na kulifunga tena, ndipo apande. Ni mwaka 1937 tu ndipo waandaaji waliporuhusu mnyororo uhamishwe mtu akiwa juu ya baiskeli. Mwaka uliofuata mbio hizo zilishindwa na Mwitalia Gino Bartali, Mkatoliki wa sala, na hakuna aliyesema kwamba gia zilimfanya kuwa mnyonge.

Mwezi Septemba mwaka jana, 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa majirani zetu wa Rwanda, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara letu la Afrika. Vijana wetu waliyafuatilia kwenye simu. Wanaume walipanda na kushuka vilima vya Kigali kwa zaidi ya kilomita 260, na wengi wao hawakufika mwisho. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa akitazama pamoja nasi, alisema jambo ambalo tulilisikia bila kulishika: "Padre, huyu jamaa mlimani miguu yake inazunguka kama cherehani." Naam, bingwa wa dunia nzima alikuwa anapanda kwa gia nyepesi. Sisi, kesho yake, tuliondoka kwenda kigangoni kwa gia nzito.

Hatukukosa mwalimu. Fundi wetu wa sokoni, kijana Mwislamu mwenye subira nyingi, alituona tunavyohangaika, akatuita. Aliifunga Panzi kwa kamba kwenye tawi la mti ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani, akatuambia tuzungushe pedali kwa mkono mmoja na kusogeza kikono kwa mkono mwingine. Kisha akatupa mambo matatu. La kwanza: unapobadilisha gia, miguu iendelee kuzunguka, lakini uondoe nguvu, kwa kuwa mnyororo hauwezi kuhama ukiwa umeelemewa. La pili: usiuweke mnyororo kwenye kubwa la mbele pamoja na kubwa la nyuma, kwa kuwa utakaa mshazari na kujikata. La tatu alilirudia mara mbili: "Padre, mlima ubadilishie ukiwa bado chini. Ukishafika katikati, umechelewa." Tulimshukuru, tukamlipa ujira wake, tukaenda zetu. Tuliyajua maneno yake yote, wala hatukuwa tumejifunza lolote.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Saa nane mchana mwalimu wetu wa dini wa kigango kimoja cha mbali alitupigia simu: mzee mmoja, mwamini wa siku nyingi, amezidiwa na anamwomba padre. Pikipiki ya parokia ilikuwa na msaidizi wetu, upande mwingine. Tungeweza kuita bodaboda. Walikuwepo wanne pale njia panda, na nauli tulikuwa nayo. Tulisema moyoni kwamba Panzi itafika. Tukavaa shingoni mfuko wenye Ekaristi Takatifu na mafuta ya wagonjwa, tukaondoka.

Kabla ya kigango kile pana mlima wa mawe. Tuliuingia kwa gia ile ile nzito, tukitumaini kasi ya tambarare itatubeba. Ilitubeba hadi karibu nusu. Hapo miguu ilikataa. Tukiwa tumesimama juu ya pedali kwa nguvu zote, tuliinama tukakishika kikono cha kulia na kukivuta mpaka mwisho. Mnyororo ulitoa sauti kama ya mfupa unaovunjika, ukaruka meno yote sita, ukaangukia kati ya gurudumu la meno na spoku, ukakwama humo. Baiskeli ilisimama, nasi tukaanguka ubavuni. Ule mfuko tuliukinga kwa mkono, kiwiko kikalipa.

Tuliuvuta mnyororo kwa vidole, kisha kwa kijiti, kisha kwa hasira. Haukutoka. Wakati tukiwa tumepiga magoti kwenye tope, alipita baba mmoja akisukuma Phoenix yake yenye magunia mawili ya mkaa. Yeye alikuwa ameshuka kule chini, mwanzo wa mlima, bila kuona haya. Alitusalimu kwa adabu, akasema, "Pole, Padre," akasimama kutusaidia kidogo, na ilipoonekana haiwezekani akaendelea na safari yake, hatua kwa hatua, akapotea juu ya kilima. Sisi tuliibeba baiskeli begani.

Tulifika saa kumi na nusu. Kabla ya kuuona mji ule tulisikia sauti za akina mama katika rozari, na kwa jinsi walivyokuwa wakiisali tulielewa. Mzee alikuwa amefariki muda mfupi kabla. Mwalimu wa dini alikuwa pembeni ya kitanda, kitabu cha sala mkononi. Yeye alitoka mbali kuliko sisi, kwa baiskeli ya gia moja, akashuka kwenye mlima ule ule na kusukuma, akafika wakati mgonjwa angali anasikia. Ndiye aliyemwongoza katika sala za kumkabidhi mtu anayekufa mikononi mwa Mungu, jambo ambalo Kanisa linamruhusu mlei kulifanya, naye alilifanya vizuri.

Mjane alituona tulivyo, tumejaa tope na grisi, mkono unavuja damu. Alisema, "Padre, keti kwanza upumue. Mleteeni Baba maji." Tulipokwisha kunywa ndipo akatuambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mzee alituulizia mara mbili.

Kama tungeita bodaboda pale njia panda, huenda tungemkuta. Kama tungeshuka mapema chini ya mlima kama yule baba wa mkaa, huenda pia. Tumelibeba swali hilo tangu Novemba, na tumeliungama. Tunaliandika hapa kwa idhini ya familia ile, ambayo ilitupokea vizuri kuliko tulivyostahili.

Kanisa haliwapi marehemu Mpako Mtakatifu; sakramenti ni za walio hai. Tulimwombea, tukamnyunyizia maji ya baraka, na Jumamosi tulimzika kwa Misa Takatifu. Baada ya mazishi mwanawe mkubwa alituvuta kando. Alisema kwamba baba yao alikuwa mgonjwa tangu mwisho wa Septemba, na kwamba mara kadhaa walitaka kutuita, lakini wakasita. Waliogopa kwamba padre akionekana anaingia na mafuta, mgonjwa atajua anakufa na kukata tamaa. Basi walisubiri. Yeye naye alikuwa amebeba swali lake, nasi tukakaa chini ya mti watu wawili ambao kila mmoja alibadilisha gia katikati ya mlima.

Kwa ajili ya kijana yule na kwa ajili yenu nyote, tuseme hapa kwa uwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia, namba 73, ulifundisha kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Wakati wake unaofaa umekwisha kufika mara mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Papa Paulo wa Sita akaitengeneza upya ibada yake mwaka 1972 kwa roho hiyo hiyo. Anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mkubwa aweza kupakwa. Mzee aliyedhoofika aweza kupakwa hata kama hana ugonjwa wa kutisha. Aliyepakwa akapona, kisha akaugua tena, aweza kupakwa tena. Na hata katika ugonjwa ule ule, hali ikizidi kuwa mbaya. Mafuta haya ni ya kumpa mgonjwa nguvu za kupanda. Tuiteni mkiwa bado chini. Nasi, kwa upande wetu, tutakuja kwa chombo kitakachofika.

Baada ya hayo tulirudi kwa fundi wa sokoni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hakutucheka. Kwa majuma mawili, kila siku baada ya Misa ya asubuhi, tulikwenda kwenye barabara ya tambarare karibu na mwalo, wakati akina mama wanageuza dagaa kwenye mchanga, tukajifunza. Siku ya kwanza tulichanganya kushoto na kulia. Siku ya pili tulitazama vikono badala ya barabara na kuingia kwenye nyavu za watu. Ilituchukua siku nne kuzoea kulegeza miguu bila kuisimamisha. Mwili ukiwa na wasiwasi hujua mawili tu, kukanyaga au kuacha. Kidogo kidogo sikio lilianza kuuelewa mnyororo: mkwaruzo, mkwaruzo, kimya.

Kisha tukaenda mlimani. Kule chini, barabara ikiwa ingali tambarare, tuliushusha mnyororo kwenye gurudumu dogo la mbele, halafu nyuma tukapanda moja baada ya jingine hadi lile kubwa. Kwa mita chache tulijisikia wajinga. Miguu ilizunguka upesi na baiskeli ilikwenda polepole, na mtoto mmoja aliyekuwa anakimbia pembeni alitupita. Wale vijana wa kijiweni hawakupiga kelele yoyote. Lakini mlima ulipoanza, tulikuwa tayari. Tulifika juu tumeketi, na mama mmoja aliyekuwa anapalilia alipotusalimu kwa Kisukuma, tuliweza kumjibu salamu yake yote mpaka mwisho. Tangu siku hiyo kipimo chetu ni hicho: gia ambayo ndani yake bado unaweza kumwitikia jirani.

Wapendwa, mtu akianza kusikia mkwaruzo wa mnyororo wake, huanza kusikia na mikwaruzo mingine. Mwezi Desemba Halmashauri ya Walei ilikaa kupanga michango ya kumalizia paa la kanisa. Tulikuwa na tarehe yetu mkononi, tumekwisha kuiandika. Mama mmoja mjumbe akanyoosha mkono na kusema kwa upole, "Padre, tarehe hiyo ni mbalamwezi." Ninyi wa Nkome mnaelewa, lakini wasomaji wa mbali huenda wasielewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta. Mwezi unapong'aa, taa hazina kazi. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, na mfukoni hamna kitu. Tukakumbuka, kwa aibu, kwamba mwaka uliotangulia mama yule yule alisema maneno yale yale, nasi tulimjibu kwamba kazi ya Mungu haingoji mwezi. Mwaka ule familia kadhaa ziliacha kuja kanisani kwa majuma, kwa kuwa majina ya wasiolipa yalisomwa.

Safari hii tuliisogeza tarehe hadi baada ya giza, tukaigawa michango mara tatu, na majina hayakusomwa. Fedha hazikutimia, zimepungua kidogo, na sehemu moja ya paa bado ni turubai. Lakini hakuna aliyebaki nyumbani kwa ajili ya aibu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo anapatana na kaka yake Esau baada ya miaka mingi. Esau, mwenye watu mia nne na haraka yake, anamwalika waongozane. Yakobo anakataa kwa heshima. Anaeleza kwamba anao watoto wadogo, na kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha, na kwamba wakiharakishwa hata siku moja tu kundi lote litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Kwetu tuliochunga ng'ombe tukiwa wadogo, maneno hayo hayahitaji mfasiri. Sisi wachungaji wa parokia ndio tunaoyasahau. Tumeyasoma mara nyingi, na tumewaswaga watu kwa mwendo wa Esau.

Basi tumeifikia Kwaresima, ambayo ni mlima wa siku arobaini. Tukiwa bado chini, kila mmoja wetu achague gia yake. Kanisa lenyewe halimpi kila mtu mzigo mmoja: kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapofikisha 59, na kujinyima nyama kunaanzia miaka 14, mgonjwa na mama mjamzito hawalazimiki. Huo si ulegevu. Ni mama anayejua watoto wake.

Kila mwaka tunaona jambo moja. Jumatano ya Majivu mtu anaapa kwamba atasali saa nzima kila alfajiri, ataacha pombe, atamsamehe shemeji yake na kusoma Biblia yote. Ikifika Jumapili ya pili mnyororo umekatika, naye anaona haya hata kuja kuungama. Afadhali fumbo moja la rozari kila jioni pamoja na watoto, mkalizungusha siku arobaini bila kukoma. Kijana uliye machimboni Nyarugusu au Rwamgasa, usiyejua kama juma hili utapata au utakosa, usituahidi sadaka ya dhahabu ambayo bado imo ndani ya mwamba. Mtumie mama yako kitu kidogo kila unapopata, na umpigie simu hata usipopata. Na aliye na ugomvi asingoje Juma Kuu ndipo aanze safari ya kwenda kwa nduguye. Aanze sasa, kwa salamu tu.

Tusikosee upande wa pili pia. Panzi ilitufundisha kwamba gia nyepesi kwenye mteremko ni bure. Miguu inazunguka hewani bila kusukuma kitu. Ambaye Mungu amemjalia afya, nafasi na kipato, na barabara yake mwaka huu ni tambarare, huyo apandishe. Ajinyime zaidi, atoe zaidi, ambebee mwenzake aliye mlimani. Kuna ndugu zetu wengi kwenye mawe mwaka huu.

Mwaka 1949 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye kikanisa chake kipo juu ya kilima kirefu karibu na Ziwa Como huko Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Tunamwomba Mama huyo, anayelitazama ziwa lile, alitazame na hili letu: wavuvi wetu usiku wa giza, baba wa mkaa, mwalimu wetu wa dini na Phoenix yake, fundi wetu wa sokoni, na wagonjwa wanaotungoja. Na kwa ajili ya mzee wetu, aliyetuulizia mara mbili, tusali sote: Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie; apumzike kwa amani. Amina.

Tukutane Jumatano ya Majivu. Misa ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Tutakuja mapema.